Tarakimu Kumi na Tisa

Hatukugombana. Anayeuliza huondoka na hilo tu,
kama mgeni aliyepewa maji bila kiti.
Ukipita Makorora utatuona:
baiskeli imefutwa vumbi, mlango umepakwa rangi,
mume yuko zamu ya usiku kiwandani Pongwe,
mke anauza maziwa tangu adhana ya alfajiri.
Maneno yalituishia kama gesi inavyoisha,
jiko likiwaka vizuri mpaka dakika ile.

Zamani tulikuwa na mkalimani.
"Mwajabu, mwambie baba yako chumvi imo kabatini."
"Mwajabu, mwambie mama yako nimeiona."
Meza yenyewe haizidi urefu wa mkono,
na mtoto akigeuza shingo huku na huku
akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.
Januari akaenda bweni, Korogwe,
na sanduku la bati, na ndoo mpya,
na lugha yetu yote ndani ya ndoo.

Tangu hapo Mhina huniandikia tarakimu.
Luku ikikaribia kwisha nampelekea picha
ya kile kitaa chekundu, bila neno.
Naye hununua kwa wakala, pale getini,
huzinakili kutoka kwenye risiti kwa kidole chenye saruji:
ishirini, nne nne, mistari mitano,
kama ubeti.

Nimezisoma barua hizo
kuliko nilivyosoma zile za uchumba.
Nimezitafutia maana. 0608:
si tarehe sita, mwezi wa nane,
tulipovuka Pangani, mvua ikatunyea, akanivika koti lake?
Mita hailijui hilo. Mita humeza,
huandika imekubali,
taa zikawaka, basi.

Jana usiku zilikuja kumi na tisa.

Nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu kwa punje za maharage.
Safari hii amezibananisha, hakuacha nafasi,
moja imedondoka na sijui imedondokea wapi:
mwanzoni, katikati, karibu na mwisho.
Nikajaribu sifuri mwishoni. Imekataa.
Tisa mwanzoni. Imekataa.
Saba kati ya nne na nne. Imekataa,
na ule mlio wake, tii,
wa mtu anayefyonza kwa adabu.

Simu ilikuwa mkononi, na chaji ya kutosha.
Nilifanya mazoezi mbele ya friji inayotona maji:
Mhina, imepungua moja.
Baba Mwajabu, imepungua moja.
Wee, imepungua moja.
Kila nilivyosema ilisikika lawama,
nami sikutaka kulaumu, nilitaka taa.
Au nilitaka kulaumu. Giza lina tabia ya kuuliza.
Maziwa ya watu, lita thelathini, yakaanza kukatika
na mimi nikiyasikiliza.

Alfajiri baiskeli ikaegemezwa ukutani.
Akaingia, akabonyeza swichi. Akabonyeza tena.
Akaniona nimekaa sakafuni chini ya mita,
maharage kumi na tisa mapajani.

"Umeme umekwisha?"
Maneno mawili. Nikayapima
kama mtu anavyopima kitambaa kwa dhiraa.
"Imepungua moja," nikasema.

Hakujibu. Akautazama mlango wa chumba cha Mwajabu,
akanitazama mimi, akawa anahesabu kitu
ambacho si maharage.

"Ipi?"

Kisha akapekua mfuko wa ovaroli,
akatoa risiti iliyolowa jasho, imekunjika mara nne.
"Nisomee," nikamwambia.
Akasogea dirishani penye mwanga kidogo
akaanza kusoma kwa sauti, polepole,
moja, halafu nyingine, akisita
kama mtoto anayepitisha kidole chini ya herufi.
Mkono wangu ulikuwa kwenye mita. Sikubonyeza kitu.

Alipofika ya ishirini
nikamwambia sikusikia vizuri,
arudie.